Kumtunza Mzazi Mwenye Demensia Bila Kujiumiza

Katika familia nyingi za Kilimanjaro na kwingineko nchini Tanzania, jukumu la kumtunza mzazi mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, humwangukia binti au mkwe bila kujadiliwa, na kwa kuwa heshima kwa wazazi haihojiwi, mtunzaji huona aibu kukiri kwamba amechoka. Ukiwa katika hali hiyo, itisha kikao cha ndugu mapema. Usiombe msaada kwa jumla, kwani ombi la namna hiyo huitikiwa na wote na kutekelezwa na wachache. Taja ni usiku gani kaka atalala kwa mzazi, nani atalipa nauli ya kliniki, na nani atabaki naye unapokwenda ibadani au kwenye kikoba. Kikoba usikiache, hata shangazi akinung'unika.

Jirani akidai kwamba mzee amerogwa, au kwamba bibi anayetangatanga usiku ni mchawi, mweleze kwa utulivu kuwa huo ni ugonjwa wa ubongo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai uliukuta kwa takriban asilimia 6 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Kiongozi wa dini akiyasema hayo mbele ya waumini, maneno yake huwa na uzito kuliko yako.

Jichunguze nawe pia. Usingizi ukikupotea, au hasira na huzuni zikidumu kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya ueleze hali yako mwenyewe, si ya mgonjwa.