Kuunda autojairo inayoruka kweli ndani ya Kerbal Space Program

Hii ni ya wale wameshaunda ndege na helikopta kwa hii gemu. Autojairo inabebwa na mapanga ya juu kama helikopta, lakini inasukumwa na injini kama ndege. Lazima uwe na nyongeza ya Breaking Ground, ndiyo iko na rota, ile sehemu inayozunguka, na mapanga yake.

Kwanza shika hii, ukiikosa hutatoka chini: rota ya autojairo haiendeshwi na injini. Hapa Kisumu watoto wanakunja pangaboi ya karatasi, wanaidunga kwa kijiti na mwiba, alasiri upepo wa ziwa ukivuma kule Dunga inazunguka yenyewe, na upepo ukikata mtoto anakimbia nayo. Autojairo ni huyo mtoto anayekimbia. Injini ya nyuma inasukuma, upepo unapenya rota kutoka chini kwenda juu, rota inazunguka inakubeba.

Sasa bodi. Ndogo, magurudumu matatu, mkia mkubwa, betri, injini moja ndogo ya jeti inaitwa Juno nyuma. Washa alama za gemu, mpira wa njano unaoonyesha kitovu cha uzito na mshale wa msukumo wa injini, mshale upite katikati ya mpira. Ukipita juu, rota ikikosa mzigo hewani pua inapinduka mbele na huirudishi tena, na jairo za ukweli zimeua marubani hivyo hivyo.

Rota weka mbili, kushoto na kulia kwa mikono mirefu, zizunguke kinyume. Mimi nilianza na moja ikawa inalala upande kila nikiongeza spidi, kwa sababu panga linaloenda mbele linapata upepo mwingi kuliko linalorudi nyuma. Juan de la Cierva wa Uhispania, aliyevumbua autojairo, alipambana na hiyo shida miaka kadhaa, mashine yake ya 1920 ilikuwa na rota mbili moja juu ya nyingine na ikakataa kuruka, mpaka Januari 1923 ndio mashine yake ya C.4 ikapaa, kila panga limefungwa na bawaba kwa shina liweze kupanda na kushuka lenyewe. Mapanga ya gemu ni makavu hayana bawaba, ndio maana nasema mbili.

Zilaze nyuma digrii 10. Ukishika Shift kila mbonyezo ni digrii 5, kwa hivyo bonyeza mara mbili. Shina la rota likae nyuma kidogo ya mpira wa njano.

Pembe ya mapanga ndio wengi wanaharibu. Sahau ile ya helikopta, ukiweka 8 ama 10 rota itakufa ama izunguke kinyumenyume. Anza sifuri, ujaribu 1, 2, mimi sipiti 3. Breki ya rota sifuri.

Mota ya rota ipe kitufe 1. Kwa uwanja iwashe, mizunguko ifike kama 200, halafu uzime. Zima kabisa bana, ukiiacha hiyo ni helikopta. Sukuma Juno mpaka mwisho, inua pua kidogo, macho kwa namba ya mizunguko. Ikianza kupanda na mota imezimwa, 210, 230, 260, aki hakuna raha kama hiyo. Ikishuka, punguza pembe digrii moja ukajaribu tena.

Hewani usisukume pua chini kwa nguvu, upepo unaotoka chini ukikosekana rota inachoka haraka. Kutua, punguza injini polepole, acha ishuke mteremko mkali pua ikiwa juu kidogo, na ukikaribia ardhi vuta, magurudumu ya nyuma yaguse kwanza.