Hifadhi ya LVM-thin kwenye Proxmox: zuia isijae, na la kufanya ikijaa

Seva yenye hifadhi ya GB 800 inaweza kubeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) sita, kila moja ikijiona ina diski ya GB 200. LVM-thin, aina ya hifadhi ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), hutoa bloku, yaani vipande vya nafasi, pale tu mashine inapoandika, kwa hiyo ahadi ya GB 1,200 hukaa salama mpaka siku mashine zitakapoidai. Ukisakinisha Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe, kwa mfumo wa faili wa ext4, hifadhi ya aina hii hutengenezwa yenyewe kwa jina pve/data.

Anza kwa kupima hali halisi kwenye seva yenyewe:

lvs -a pve
vgs pve

Soma safu mbili, Data% (nafasi ya data iliyotumika) na Meta% (nafasi ya metadata iliyotumika). Usitegemee df, amri ya kuonyesha nafasi iliyotumika, ndani ya mashine pepe. Faili likifutwa ndani, df inashuka, lakini bloku zake hazirudi kwenye hifadhi mpaka mashine itume amri ya kuziachilia. Ndiyo maana mashine inaweza kuonyesha 40% huku diski yake kwenye lvs ikisoma 92%. Washa discard, inayoruhusu amri hiyo ifike kwenye hifadhi, kwa kila diski (101 ni namba ya mashine):

qm set 101 --scsi0 local-lvm:vm-101-disk-0,discard=on

Ukiwa umeweka chaguo jingine kwenye diski hiyo, kama iothread au ssd, liandike tena humo humo, la sivyo litaondoka. Zima mashine kabisa kisha uiwashe. Kuianzisha upya kutoka ndani hakutoshi. Halafu, ndani ya Linux ya mashine hiyo, endesha fstrim -av na uwashe fstrim.timer, ambayo hufanya kazi hiyo kila wiki.

Meta% ndiyo wengi wanaisahau, nayo ndiyo mbaya zaidi. Data ikijaa unaweza kuongeza nafasi na kuendelea. Metadata, yaani daftari la bloku ipi ni ya diski ipi, ikijaa, hifadhi inageuka ya kusomwa tu na itahitaji kukarabatiwa kabla ya kuandikwa tena. Ikivuka 60%, iongeze mapema:

lvextend --poolmetadatasize +1G pve/data

Kikomo chake ni karibu GB 16. Snapshoti, yaani nakala ya hali ya diski ya wakati fulani, huikuza metadata, na kila bloku itakayobadilishwa baada ya snapshoti inahitaji nafasi mpya. Ukihifadhi na RAM, nayo inaandikwa humo humo. Snapshoti ya kabla ya kusasisha programu ifutwe ukishahakikisha mambo yanakwenda. Isihesabiwe kuwa chelezo (backup), maana iko kwenye diski ile ile. Chelezo ziende kwenye mashine nyingine.

LVM inaweza kupanua hifadhi yenyewe, lakini kwa kawaida imezimwa, kwani kizingiti cha kuanza kupanua ni asilimia 100. Kwenye /etc/lvm/lvm.conf, sehemu ya activation, weka:

thin_pool_autoextend_threshold = 75
thin_pool_autoextend_percent = 10

Hapa kuna mtego. Upanuzi huo unatoka kwenye VFree ya vgs, yaani nafasi ambayo bado haijagawiwa, na kisakinishi cha Proxmox, kwa diski inayozidi GB 128, huacha GB 16 tu. Asilimia 10 ya GB 800 ni GB 80. Bila kuongeza diski, mpangilio huo hautakufikisha mbali. Kwa hiyo weka pia kazi ya cron (kipanga-ratiba cha Linux) ya kila dakika 5 itakayosoma Data% na Meta% na kukutumia ujumbe Data% ikipita 75 au Meta% ikipita 60.

Hifadhi ikijaa upande wa data, dmesg (kumbukumbu za kernel) itaonyesha "out-of-data-space (queue IO) mode". Kuanzia hapo una sekunde 60: maombi ya kuandika yanayohitaji bloku mpya yanasubiri, kisha yanaanza kukataliwa. Yanayogusa bloku zilizokwisha kutolewa yanaendelea kupita, na hapo ndipo hifadhidata huharibika, nusu ya kazi imeandikwa na nusu imekataliwa. Mara nyingi Proxmox huisimamisha mashine na kuonyesha io-error. Usiilazimishe kuwaka upya. Ongeza nafasi kwanza, ukihakikisha kwa lsblk kwamba /dev/sdb ni diski tupu:

vgextend pve /dev/sdb
lvextend -L +200G pve/data
qm resume 101

Kama huna diski ya ziada, futa snapshoti za zamani. Baadaye kagua mfumo wa faili wa kila mashine kwa fsck, ukiwa haujapachikwa.

Ukiona herufi ya 9 ya safu ya Attr ya lvs ni M au F, tatizo liko kwenye metadata. Zima mashine zote, zima diski zake na hifadhi kwa lvchange -an, kisha:

lvconvert --repair pve/data

Amri hiyo huacha metadata ya zamani kwa jina data_meta0. Usiifute mpaka kila mashine iwake na data yake ikaguliwe.