Kurekebisha mfumo wa faili ulioharibika kwenye simu ya Linux

Simu ya Linux, kama vile PinePhone yenye mfumo endeshi wa postmarketOS, ikizimika ghafla wakati data inaandikwa, mfumo wake wa faili, yaani mpangilio unaotunza faili kwenye hifadhi, unaweza kubaki na kazi iliyoishia njiani. Mara nyingi ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, hujirekebisha yenyewe simu inapowashwa tena, kwa sababu huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha. Lakini simu ikikwama inapowaka, au ikiwaka huku ikikataa kuhifadhi chochote kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha Linux, imeifanya hifadhi iwe ya kusomwa tu, itabidi uingilie kati mwenyewe.

Usiendeshe kamwe programu ya kurekebisha kwenye mfumo wa faili uliopachikwa, yaani unaotumika wakati huohuo, kwa kuwa kerneli na e2fsck, programu ya kurekebisha ext4, zitaandika mahali pamoja bila kujuana na uharibifu utazidi. Kwa hiyo hifadhi ya simu ifikiwe kutoka nje. PinePhone hutafuta kwanza kadi ya microSD inapowaka. Ukiweka Jumpdrive, mfumo mdogo unaofungua hifadhi ya simu kwa USB, kwenye kadi hiyo na kuunganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB, kompyuta itaiona hifadhi ya ndani kama diski ya kawaida. Hakikisha kwanza betri ina chaji ya kutosha.

Kwenye kompyuta, amri ya `lsblk -f` itakuonyesha sehemu za diski na aina ya mfumo wa faili wa kila moja. Tuseme sehemu yako ni `/dev/sdb2`: ikiwa kompyuta imeipachika yenyewe, ipachue kwa `sudo umount /dev/sdb2`. Kisha soma ujumbe wa kerneli kwa `sudo dmesg`. Ujumbe wa `EXT4-fs error` peke yake kwa kawaida huashiria kwamba mpangilio wa data umevurugika, ilhali `I/O error` huashiria kwamba chombo chenyewe, au hata kebo, kina hitilafu. Tofauti hii ni kubwa, maana kurekebisha faili juu ya hifadhi inayokufa ni kuiongezea kazi ya kuandika wakati ambapo hata kusoma kunaishinda.

Kwa vyovyote vile, chukua nakala kwanza kwa ddrescue, programu inayonakili diski hata yenye hitilafu. Najua inachosha kusubiri, lakini e2fsck hulenga kuurudisha mfumo wa faili katika hali sahihi, si kuokoa picha zako, na ikilazimika itafuta kumbukumbu za faili isizozielewa.

`sudo ddrescue -d /dev/sdb2 simu.img simu.map`

Nakili tena `simu.img` kwa jina la `jaribio.img`, kisha ufanyie majaribio hapo. Amri ya `e2fsck -fn jaribio.img` hukagua bila kubadilisha chochote. Usishtuke ikitaja makosa mengi, kwa sababu katika hali hiyo haitekelezi kumbukumbu ya mabadiliko, na baadhi ya makosa hayo yangetoweka yenyewe. Baada ya hapo endesha `e2fsck -fy jaribio.img`, upachike matokeo kwa `sudo mount -o loop,ro jaribio.img /mnt`, na ufungue faili chache unazozijali. Ukiridhika, na ikiwa hakukuwa na `I/O error`, rudia kwenye simu yenyewe kwa `sudo e2fsck -f /dev/sdb2`, ukisoma kila swali kabla ya kujibu. Mara tu inapomaliza, andika `echo $?`: 1 ina maana makosa yamerekebishwa, 4 ina maana mengine yamebaki. Endesha tena hadi upate 0.

e2fsck ikilalamika kwamba supabloku, yaani rekodi ya maelezo makuu ya mfumo wa faili, ni mbovu, tumia nakala yake ya akiba, ambayo kwa bloku za baiti 4096 kwa kawaida iko kwenye bloku ya 32768:

`sudo e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/sdb2`

Faili zilizopoteza majina huwekwa katika `lost+found` zikiitwa kwa namba, mfano `#131074`. Amri ya `file` itakuambia ipi ni picha na ipi ni maandishi.

Sehemu iliyosimbwa, yaani kufungwa kwa nenosiri, kwa LUKS ifunguliwe kwanza kwa `sudo cryptsetup open /dev/sdb2 simu`, na ukaguzi ufanyike kwenye `/dev/mapper/simu`. Ikiwa simu inatumia mfumo mwingine wa faili badala ya ext4, F2FS ina `fsck.f2fs` yake. Kwa Btrfs, `btrfs check` husoma tu, na `--repair` iachwe hadi njia nyingine zote zishindikane.

Ukimaliza, andika `sync`, tenganisha diski, ndipo uchomoe kebo. Washa simu na usome `dmesg` tena. Makosa yakirudi ndani ya muda mfupi bila simu kuzimika ghafla, shuku hifadhi yenyewe, na uhamishe data yako mapema.