Choo kikavu cha vyumba viwili, pale shimo linapokutana na maji

Ukichimba shimo la choo mabondeni Dar es Salaam, kama Bonde la Msimbazi, mara nyingi unakuta maji kabla hujafika kimo cha mtu. Shimo hilo halinyonyi. Masika yakiingia linajaa, watu wanalitapisha mtaroni, na uchafu unaishia uani kwa jirani na kwenye visima. Mahali hapo usichimbe, jenga juu ya ardhi choo kinachotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi kikavu chenye majivu hakinuki sana, nzi hawazaliani humo, na vijidudu hufa polepole. Kikiingia maji, faida hizo zote zinapotea.

Anza na sakafu ya zege iliyopanda juu ya kimo ambacho mafuriko hufika. Juu yake jenga vyumba viwili kwa matofali, kila kimoja kwa ndani sentimita 80 kwa 100, kimo 80, upige lipu ndani. Chumba kimoja kinatosha watu 5 au 6 kwa takriban mwaka. Nyuma weka vifuniko vya kutolea mbolea, visivyopitisha mvua. Bamba la juu, lenye tundu la kinyesi na mahali pa kupokea mkojo kwa kila chumba, liwe zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 8, nondo za milimita 8. Limwagilie siku 7 kabla ya kulikanyaga. Bomba la hewa la inchi 4 lipite paa kwa sentimita 50, na mdomoni lifungwe wavu wa alumini. Wa plastiki huchakaa upesi.

Mkojo upite bomba la plastiki la inchi 2, mteremko wa sentimita 2 hadi 4 kila mita, hadi kwenye dumu la lita 20. Usitumie chuma, mkojo unakila. Kona kali zikwepe, maana ndipo chumvi nyeupe hujijenga na kuziba. Ikianza, mimina siki, iache usiku kucha, kisha suuza. Ncha ya bomba ishuke karibu na kitako cha dumu, la sivyo harufu itarudi chooni.

Sasa kuchamba. Kwa watu wanaotumia maji, hapa ndipo choo hiki hufa au hupona, na mafundi wengi hupasahau. Tengeneza mahali pa tatu, pembeni mwa matundu, penye kingo na bomba lake. Maji hayo yana kinyesi, kwa hiyo yasiende mtaroni: yapeleke chini ya uso wa tuta la mchanga na kokoto lililoinuliwa, lenye migomba. Mwenyeji amwelekeze kila mgeni asogee hapo kabla ya kujimwagia.

Kila baada ya haja kubwa, mwaga vikombe viwili vya majivu makavu. Mtu akiharisha, ongeza. Kila mwezi sawazisha lundo kwa mti mrefu. Harufu ikipanda au mabuu yakionekana, kuna maji yanayoingia: ongeza majivu, kisha tafuta ufa, kifuniko kilicholegea au mtu anayechambia tunduni.

Chumba kikijaa robo tatu, ziba tundu, andika tarehe ukutani, hamia cha pili. Subiri miezi 12 kamili tangu kilipotumika mara ya mwisho, kwa sababu mayai ya minyoo ndiyo yanayochelewa kufa. Ukifungua ukakuta unyevu au harufu, funga tena. Kinyesi kikiwa tayari, vaa glavu na buti, kifukie chini ya miti ya matunda. Usiweke kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Mkojo wa familia yako changanya sehemu 1 na maji 3 hadi 5, mimina kwenye mfereji mdogo kando ya mahindi, mbali kidogo na shina, ufunike kwa udongo papo hapo ili naitrojeni, kirutubisho cha mimea, isipeperuke. Acha kumwagia mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Mkojo uliokusanywa kutoka nyumba nyingi uhifadhi kwanza mwezi mzima au zaidi, madumu yakiwa yamefungwa.