Kabla hujawasha maiki za wayalesi ukumbini, angalia haya

Ukinunua maiki za wayalesi ukazijaribu sebuleni zitaongea vizuri tu, hapo ndo watu wengi wanaamini kazi imeisha. Sebuleni hakuna watu mia nne, hakuna skrini ya LED nyuma ya jukwaa, hakuna simu mfukoni mwa kila mtu. Mimi nafunga mziki kwenye sendofu na harusi hapa Dar, na karibu kila maiki niliyoona ikikatakata mbele za watu, chanzo chake kilikuwepo pale tangu mchana, ila hakuna aliyekiangalia.

Anzia nyumbani. Geuza risiva (kile kiboksi kinachopokea sauti ya maiki) nyuma usome kile kibandiko, kuna namba za MHz pale, yaani frikwensi inazotumia. Zikiangukia kati ya 694 na 862 achana nayo, hata kama ni mtumba wa Ulaya mzuri na umepewa kwa bei chee. Zamani hilo lilikuwa eneo la TV, ila mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa (kwa Dar ilianza 31 Desemba 2012) eneo hilo likatengwa kwa intaneti ya simu, kwahiyo mnara ulioko jirani na ukumbi unaimeza maiki yako na wewe pia unawasumbua wenye mnara. Chini ya hapo, 470 mpaka 694, maiki zinaishi vizuri lakini zinaishi na wapangaji, maana matangazo ya ving'amuzi vya antena yanapita humohumo na kila mtambo unachukua upana wa MHz 8. Ndo maana frikwensi uliyoizoea Dar unaweza kufika nayo Dodoma ukakuta ina mwenyewe. Zile za 2.4 GHz zinagombania njia na Wi-Fi na bluetooth, kwa darasa au kikao kidogo sawa, kwa harusi mimi sizipeleki. Na kama unaagiza nyingi kutoka nje waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza, wa Kenya waulize Communications Authority, kabla mzigo haujafika bandarini.

Ukifika ukumbini usikimbilie kuskani. Waambie wa skrini wawashe skrini, wa taa wawashe taa, Wi-Fi ya ukumbi iwe hewani, transmita zako zote (maiki zenyewe na vile viboksi vya kiunoni vinavyorusha sauti) ziwe zimezimwa, halafu ndo uiambie risiva itafute sehemu tupu. Ukiskani skrini ikiwa imelala utapata picha ya ukumbi ambao hautakuwepo saa mbili usiku. Ikishapata, unganisha transmita ya kwanza na uiache imewashwa, ndipo uitafutie ya pili nafasi, na ya tatu hivyohivyo. Usipange kwa macho ukasema hii 600, hii 601, hii 602, inaonekana nadhifu kumbe umejitegea mwenyewe, kwasababu maiki mbili zikiwa hewani pamoja zinazaa mawimbi mengine pembeni, 600 na 601 zinazaa 599 na 602, kwahiyo maiki ya tatu tayari imekaliwa na watoto wa wenzake. Kama zote ni za aina moja chagua grupu moja (orodha ya frikwensi iliyopangwa tayari) na chaneli tofauti ndani ya grupu hiyo, waliotengeneza wameshapiga hizo hesabu.

Sasa mahali pa kuweka risiva, hapa naomba unisikilize sana. Kuna sendofu moja risiva zilikaa chini ya meza ya miksa, huku nyuma kabisa, mchana tulijaribu ukumbi ukiwa mtupu na sauti ikatoka safi mpaka mlangoni. Usiku baba wa binti akasimama kuongea, watu wakainuka kupiga picha, ukuta wa watu ukajipanga kati ya maiki na risiva. Kilichotoka kwenye spika ni "mwanangu... leo... mama yako..." vipande vipande. Mzee akaiangalia maiki, akaipiga piga na kiganja, akajaribu tena, ikakata tena. Alikuwa na karatasi ameandika maneno yake kwa mkono, akaikunja taratibu akairudisha mfuko wa koti, akakaa. Maiki ya waya ilipofika yeye alishasema basi inatosha.

Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji na maji yananyonya haya mawimbi, hiyo ndo sababu yake yote. Tangu siku ile risiva zangu zinakaa jirani na jukwaa, juu kuliko vichwa vya watu waliosimama, na kinachosafiri mpaka kwenye miksa ni waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, ambao haujali watu. Antena mbili zifungue kama herufi V, zisigusane, kwa frikwensi za 600 hivi ziachane walau sentimita 12, maana ziko mbili ili moja ikipoteza nyingine idake. Usiziweke nyuma ya skrini wala kuzilaza juu ya chuma. Ila pia mwongeaji asisimame karibu kabisa na antena, mita tatu hivi ni umbali mzuri.

MC mwambie mapema asikumbatie kitako cha maiki, antena mara nyingi iko hukohuko, na asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja maana itapiga mluzi. Ile ya kiunoni antena yake isikunjwe na isikae mfuko mmoja na simu, kama padri au shehe amevaa kanzu juu ya suruali mfungie kwenye mkanda waya wa antena ukiwa umenyooka.

Betri nunua alkalini mpya, zile za redio za bei ya chini zinaanguka ghafla katikati ya hotuba. Za kuchaji ni nzuri ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwahiyo baadhi ya mashine zitakuonyesha zimepungua hata kama umetoka kuzichaji. Badilisha kabla ya hotuba, usisubiri taa nyekundu.

Gaini, yaani kiwango cha sauti inayoingia, ipime kwa sauti ya kweli, mwambie MC apaze vile atakavyopaza akiita maharusi, sio kunong'ona moja mbili. Ikigonga nyekundu punguza kwenye transmita yenyewe, na nyuma ya risiva angalia kile kiswichi cha mic (sauti ndogo) na line (sauti kubwa) kiendane na tundu la miksa, wengi wanahangaika na sauti ya kukwaruza kumbe ni hicho.

Halafu mtu atembee na maiki huku anaongea mfululizo, meza kuu, pale pa kukatia keki, mlangoni watakapoingilia, maiki zote nyingine zikiwa hewani, na wewe macho kwenye ile mistari ya risiva inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Inaposhuka weka alama, sogeza antena, rudia. Na maiki ya waya iwe imeshachomekwa, imeshajaribiwa, waya wake umekunjwa nyuma ya meza kuu, mahali mkono wa MC unafika bila kuita mtu.