Namna ya Kutambua Bunduki ya Urithi Iliyochongewa Risasi ya Kubuni

Mjomba wangu alipofariki, tulikuta kabatini kwake Upanga, Dar es Salaam, bunduki ya kuwindia yenye bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) na sanduku la maganda matupu yaliyopigwa chapa ya 30-06, jina la aina moja ya risasi. Sote tulidhani jambo limekwisha: bunduki ni ya .30-06, na risasi zake ni za kawaida. Fundi aliyeipima alitueleza kwamba mtutu ule ulikuwa mpana kuliko chapa ilivyodai, na kwamba chemba yake, yaani chumba cha nyuma ya mtutu kinamokaa risasi, ilichongwa kwa ajili ya risasi ambayo wakati huo hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Tangu siku hiyo ninamsihi kila aliyeachiwa silaha ya aina hii asiijaribu kabla ya kuijua.

Kwanza ni sheria, kwa sababu bila hiyo hayo mengine hayana maana. Leseni ya silaha ni ya mtu, wala haigawanywi pamoja na mirathi. Toa taarifa katika kituo cha polisi cha eneo lako, fuata maelekezo yao kuhusu mahali bunduki itakapohifadhiwa, na uombe kibali chako mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kutambua tu.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mbele. Ganda nalo lina kitako, mwili, bega na shingo. Mtu anayebuni risasi yake huchukua ganda la kiwandani, tunaloliita ganda mama, kisha hupanua au kubana shingo, husogeza bega mbele, au hulifupisha, na mtutu huchongewa chemba ya umbo hilo jipya. Wamarekani huziita risasi hizi paka-mwitu, kwa kuwa hazijafugwa na kiwanda chochote, na vipimo vyake havimo katika viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya kwao, wala vya C.I.P., tume ya upimaji wa silaha ya Ulaya.

Baadhi yake hufugwa baadaye. Ganda la .30-06, lililopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, lilipanuliwa shingo mwaka 1922 likawa .35 Whelen, likabaki mikononi mwa mafundi hadi kampuni ya Remington ilipoanza kulitengeneza kiwandani mwaka 1988. Ndugu yake, .338-06, alisubiri hadi mwaka 1998. Hizi mbili ni za kaliba (upana wa kichwa cha risasi) za kati, ambazo vichwa vyake huanzia takriban milimita 8.6 na kufika 9.5 za .375 Holland & Holland ya mwaka 1912. Katikati yake imo risasi ya 9.3x62 ya fundi Otto Bock wa Berlin, iliyotoka mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, nchi yetu ikiwamo. Hiyo si ya kubuni hata kidogo, na kuikuta katika bunduki kongwe ya Mauser huku kwetu ni jambo la kufurahisha.

Sasa uchunguzi wenyewe. Fungua bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, kisha soma maandishi ya kwenye mtutu. Jina la kaliba lililofutwa na kupigwa upya, herufi zisizolingana, au jina lenye kaliba mbili zilizounganishwa ni dalili ya kazi ya fundi. Hata hivyo maandishi yasikutosheleze, maana mtutu unaweza kuchongwa upya na jina la zamani likaachwa palepale.

Ushahidi bora ni ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyohiyo, kwa kuwa shaba ile hutanuka ikajaza chemba na kubaki na umbo lake kama nta iliyogandishwa kwenye muhuri. Hapo ndipo chapa ya kitako inapodanganya: fundi anayepanua shingo haifuti chapa ya ganda mama. Chukua kipimo cha vernia. Shingo ya .30-06 kwa nje ni takriban milimita 8.6, ilhali ya .35 Whelen ni takriban 9.9, na vitako vyote viwili ni milimita 12. Ukikuta chapa ya 30-06 na shingo inayokaribia milimita 10, umeshapata jibu la nusu. Tazama na bega pia: la .30-06 limelala kwa nyuzi 17.5, wakati maganda yaliyorekebishwa kwa mtindo wa fundi bunduki wa Kimarekani P. O. Ackley mara nyingi yana bega la nyuzi 40, lililosimama hata jicho lisilozoea huliona.

Kosa ninalolihofia kuliko yote ni kuijaribu risasi kwa kuiingiza chemba na kuona kama bolti inafunga. Risasi ya .30-06 inaweza kuingia katika chemba ya .35 Whelen, na ya .375 Holland & Holland huingia katika chemba ya .375 Weatherby. Kuingia si ithibati. Katika mfano wa kwanza kichwa kidogo hupita mtutu mpana bila kushikwa, na shingo ya ganda hupasuka.

Kama hakuna ganda, au vipimo havilingani na jina lolote, mpelekee bunduki fundi mwenye leseni achukue umbo la chemba. Humimina aloi yenye bizmuthi, inayoyeyuka kati ya nyuzi 71 na 88 za Selsiasi. Aloi hiyo husinyaa kwanza hivyo hutoka kwa urahisi, kisha hutanuka polepole, na baada ya takriban saa moja huwa na kipimo cha chemba yenyewe. Mwombe pia akague kutu, kwani hewa ya bahari ya Dar es Salaam hula chuma kilichofungiwa kabatini miaka mingi.

Ikithibitika kwamba ni ya kubuni, ushauri wangu ni kutafuta kibali cha kubadilishiwa mtutu wa kaliba yenye risasi madukani, au kuikabidhi polisi. Kwa hali yoyote, andika jina kamili la risasi, vipimo vya ganda na tarehe ya uchunguzi kwenye kikaratasi kigumu, ukifunge kwenye kilinda kifyatulio, na nakala yake uiweke pamoja na leseni.