Mafundo ya mshipi: nailoni na lake, braidi na lake (soma yote kabla ya kuuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, "mbona samaki ameenda na ndoano na mshipi wangu haujakatika?" Jibu ni fundo, kila mara ni fundo, sasa naandika mara moja na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kwanza jua umeshika nini mkononi. Nailoni ni uzi mmoja, ukiuvuta unarefuka kidogo. Braidi ni nyuzi nyingi nyembamba zimesukwa pamoja, hairefuki, na ni laini mno, ndiyo maana inateleza kwenye fundo ambalo nailoni inalishika vizuri tu. Fluorokaboni kwa macho utadhani nailoni lakini ni ngumu zaidi, nayo ukiikaza kavu inaharibika haraka.

Nailoni kwenye ndoano: klinchi. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano. Izungushe kwenye mshipi mrefu mara 5 mpaka 7, kama mshipi ni mnene 4 au 5 zinatosha. Rudisha ncha kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, halafu ipite tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta polepole, kata, acha milimita 3 hivi.

Braidi kwenye ndoano: Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, kama sentimita 15, pitisha mkunjo kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha ndoano nzima ipite ndani ya mkunjo. Lowesha, kaza. Angalia nyuzi zilale sambamba, zikipandana zinakatana zenyewe. Tundu likiwa dogo, pitisha ncha mara moja halafu irudishe ilikotoka, utapata mkunjo uleule.

Sasa kuunganisha braidi na lida ya nailoni, yaani kile kipande kinene cha mwisho kinachoshika ndoano, hapa naomba mtulie maana hapa nilipoteza mbuta (sangara) ambaye mpaka leo namkumbuka. Tulikuwa nje ya Masese, Ziwa Victoria, alfajiri, braidi nzuri, lida nene ya paundi 80 (ndio uzito inaoweza kubeba kabla ya kukatika) kwa sababu mdomo wa mbuta unakwaruza kama msasa na kifuniko cha matamvua yake kinakata. Nilifunga fundo la uni mbili, yaani unalaza ncha mbili sambamba zikielekeana, kwa ncha ya kwanza unatengeneza kitanzi na kuizungusha ndani ya kitanzi juu ya mishipi yote miwili, unakaza, unafanya vilevile kwa ncha ya pili, kisha unavuta mishipi mirefu mpaka mafundo yakutane. Kosa langu, nilizungusha mara 4 pande zote mbili. Samaki akashika, akakimbia mara mbili, mara ya pili kila kitu kikalegea. Nilipovuta braidi ikarudi ncha yake imejikunja kama springi. Hiyo alama ishikeni sana: ncha iliyojikunja maana yake fundo liliteleza, mshipi haukukatika. Ukiona imechanika nyuzinyuzi hapo ndipo useme umekatwa na jiwe au samaki. Upande wa braidi zungusha mara 8, upande wa nailoni 4 au 5. Usilinganishe pande mbili eti ipendeze! Na kabla ya kutupa majini, funga braidi kwenye kijiti, shika lida kwa kitambaa, uvute kwa nguvu kweli, usivute kwa kiganja kitupu kwa sababu braidi inakata nyama. Likiteleza hapo mtumbwini umepoteza dakika mbili tu.

MASWALI

Swali: Fundo gani ndiyo bora?

Jibu: La mshipi gani? Rudi juu.

Swali (kutoka Ggaba): Mwalimu asante, lakini kwa nini mate? Maji ya ziwa hayafai?

Jibu: Yanafaa kabisa dada, mate ni kwa sababu yako karibu. Shida ni msuguano, nailoni ikijisugua kavu wakati unakaza inapata joto na hapo hapo inadhoofika. Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua mshipi wa paundi 40, funga ndoano mbili, moja kavu na moja umelowesha. Ning'iniza jerikani ya lita 20 kwenye kila moja kwa zamu, uitie maji kidogo kidogo. Ikijaa ni kilo 20 na kitu, na paundi 40 ni kilo 18 hivi, kwa hiyo inatarajiwa ikatike mahali. Angalia imekatika wapi na maji yalikuwa yamefika wapi. Weka miguu mbali na jerikani. Ukimaliza tuambie hapa, nitafurahi sana.

Swali: Babu yangu alifunga fundo moja maisha yake yote na tulikula samaki kila siku. Mnatutatiza bure.

Jibu: Babu yako alivua kwa mshipi mnene wa mkono, na kwa mshipi ule alikuwa sahihi. Wewe umenunua braidi. Sijamkosea babu.

Swali: Nimefunga klinchi kwenye braidi imetoka, somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Somo linasema klinchi ni ya nailoni. Hukusoma.

Swali (kutoka Kalangala): Ndoano zetu za kamba ndefu hazina tundu, zina kichwa bapa. Zinafungwaje?

Jibu: Swali zuri sana kaka, hili nilipaswa kuliweka juu. Laza mshipi kwenye shina la ndoano, tengeneza kitanzi, zungusha ncha ndani ya kitanzi juu ya shina na mshipi pamoja mara 7 au 8, mizunguko ikae imebanana bila kupandana, lowesha, vuta pande zote mbili. La muhimu, mshipi mrefu utokee upande wa mbele wa kile kichwa bapa, upande unaotazamana na ncha ya ndoano. Ukitokea nyuma, kingo za kichwa zinausaga, na ndoano inavutwa vibaya haichomi.

Swali: Braidi yangu inazunguka yote kwenye rili (gurudumu la mshipi), navuta haiji.

Jibu: Imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha rili, inateleza. Anza na mita kadhaa za nailoni chini, unganisha kwa uni ile ile ya 8 na 4.

Mchango (kutoka Masese): Naongeza, nailoni msiache juani kwenye mtumbwi. Yangu ya mwaka jana inakatika kwa mkono.

Jibu: Kweli mzee, jua linaila. Na vipande mnavyokata rudini navyo nyumbani, minandi, wale ndege wanaokula samaki, wananasa miguu humo, nimeshamfungua mmoja.

Swali: Kule Ziwa Albert ngasa, wale samaki wenye meno makali, wanakata lida hata ya paundi 80. Nifunge fundo gani?

Jibu: Hakuna fundo, yale meno yanataka waya. Waya wa uzi mmoja haufungwi, unasokotwa: pitisha kwenye tundu, sokota nyuzi mbili pamoja mara 4 kama X, halafu ile fupi iizungushe nyingine mara 4 zilizobanana, na mwisho usikate kwa koleo, ukunje mbele na nyuma mpaka uvunjike wenyewe, la sivyo ile ncha itakuchana vidole.

Swali: Waya unauzwa wapi Jinja?

Jibu: Nitumie ujumbe.